Ufito wa mwanzi, wa faiba na wa kaboni: kabla hujalaumu uzee, pima mshipi

Mkuu, umesema mjomba wako amekuachia fito mbili za kuvulia samaki kwa kurusha nzi bandia (ndoana iliyovishwa ifanane na mdudu), mmoja wa mwanzi na mwingine wa faiba, yaani nyuzi za kioo, nawe umezoea wa nyuzi za kaboni wa futi 9, namba 5 (namba ya uzito wa mshipi unaoufaa). Umeujaribu ule wa mwanzi kwenye nyasi, mshipi ukakuangukia miguuni kama tambi, sasa unauliza kama zinafaa kitu au ni za kutundika ukutani. Mimi nimetumia aina zote tatu kwa miaka mingi. Mmoja nimeuvunja na mwingine nimeupinda, kwa hiyo nina haki kidogo ya kusema.

Kilichokuangusha ni mkono wako, na usione vibaya, maana wote tumepitia hapo. Kwenye uvuvi huu nzi hana uzito wowote, uzito uko kwenye mshipi. Mshipi ukinyooka nyuma yako unauvuta ufito unapinda, na ufito ukijinyoosha unausukuma mshipi mbele. Kaboni ni nyepesi na ngumu: inajinyoosha upesi, na ukiusimamisha mkono nayo inatulia. Mwanzi una uzito wake wenyewe hadi kwenye ncha, kwa hiyo unachelewa kupinda na unachelewa kurudi. Ukiukimbiza kama kaboni, ncha inazama, kitanzi cha mshipi kinafunguka hewani na kila kitu kinashuka kichwani mwako.

Mimi nilifunzwa na mzee mmoja aliyesimama nyuma yangu akanishika kiwiko. Kila nilipotaka kurusha mbele alikibana na kusema, "Bado." Halafu, "Bado." Halafu anaachia. Siku hiyo ndipo nilipousikia mshipi kwa mara ya kwanza. Ukimaliza kunyooka nyuma, mshikio unakuvuta kidogo tu, kama mtoto anayekuvuta shati. Ukisikia hivyo, nenda mbele, taratibu, kisha simama ghafla. Kwenye kaboni ngumu mvuto huo upo ila ni mdogo mno, ndiyo maana watu wengi hurusha kwa kukisia muda na hawajui kwamba wanakisia.

La pili ni mshipi wenyewe, na hapa ndipo fito za zamani zinapoonewa. Namba hizi tunazotumia zilianza mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kinachopimwa ni uzito wa futi 30 za mwanzo za mshipi, yaani mita 9 na ushee. Namba 5 ni grein 140 (grein ni kipimo kidogo cha uzito), kama gramu 9.1. Namba 6 ni grein 160, kama gramu 10.4. Kabla ya hapo mishipi ilikuwa ya hariri na iliandikwa kwa herufi za unene: HEH, HDH, HCH. Ukikuta herufi hizo juu ya mshikio, HDH ya hariri inakaribia namba 6 ya leo, na HEH inakaribia namba 5.

Sasa angalia mchezo wa siku hizi. Fito za kaboni zimezidi kuwa ngumu, na mtu akiwa karibu na samaki, mshipi mfupi nje, hazipindi, basi watengenezaji wengi wa mishipi wameongeza uzito kimyakimya. Nilipima mshipi wangu mmoja ulioandikwa namba 5 kwenye mizani ndogo ya jikoni. Futi 30 zilikuwa gramu 10 na nusu. Hiyo ni namba 6 iliyovaa shati la namba 5! Ukiufunga kwenye ufito wa mjomba wako ulioandikwa 5 unauonea, halafu unasema umelegea. Nilipoubadilishia mshipi ufito wangu wa mwanzi, nikaufunga ulio na uzito wa namba yake kweli, ule unaochongoka ncha zote mbili na kunenepa katikati, niliona kama nimebadilishiwa ufito.

Tofauti ya kweli iko kwenye umbali. Fito za zamani zinafanya kazi kuanzia mita 5 hadi 14 hivi. Ukiwa na mshipi mfupi nje zinapinda tayari, nzi anashuka kama jani. Kaboni ngumu ya leo inaanza kufurahi pale ambapo nyingine zinachoka. Kama unavua kijito ambacho unaweza kurusha jiwe likavuka, wa mwanzi au wa faiba utakupa samaki wengi kuliko unavyofikiri. Kama ni ziwa, upepo wa usoni na nzi wazito, usijitese, chukua kaboni. Na uzito mkononi ni wa kweli. Wangu wa kaboni wa futi 9 hauzidi gramu 85, wa mwanzi wa futi 8 unapita 120, na gramu za ncha ndizo zinazouma kiganja ikifika jioni.

Usidhani mwanzi ulitupwa kwa sababu ulikuwa mbaya. Nyuzi ngumu za mwanzi ziko chini ya ganda la nje, kwa hiyo fundi anaupasua, anazichonga tamba (vipande virefu vyembamba) ziwe na pembe tatu, kisha anagundisha sita pamoja ili ganda lote libaki nje. Hiram Leonard, fundi wa fito wa Maine, Marekani, alikuwa akiuza fito za tamba sita tangu miaka ya 1870. Mwanzi bora, wanaouita Tonkin, unatoka Guangdong, China. Marekani ilipozuia bidhaa za China mwaka 1950, mafundi wa huko walikosa mali, na faiba ambayo ndiyo kwanza ilikuwa imeingia sokoni baada ya Vita vya Pili vya Dunia ikapata nafasi. Kaboni ilitokana na kazi ya wahandisi wa ndege Uingereza miaka ya 1960, ikafika kwenye fito mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Faiba ndiyo ninayoipenda zaidi, na najua wadau wengine watanicheka. Inapinda hadi kwenye mshikio, kwa hiyo samaki akikurupuka uzi mwembamba wa mwisho haukatiki. Na ni ngumu kuiua. Kaboni haipigani na samaki vibaya, lakini haivumilii jeraha. Wangu wa kwanza wa kaboni uligongwa na nzi mwenye kichwa cha tangsteni, metali nzito, nikirusha kwenye upepo. Nilisikia "tik", nikaangalia, sikuona kitu, nikaendelea. Wiki tatu baadaye, samaki wa kiganja kimoja tu, ulikatika palepale kama biskuti. Tena kaboni inapitisha umeme. Radi zikianza kunguruma, au ukipita chini ya nyaya, ushushe na uulaze.

Sasa kagua zako. Uweke ufito wa mwanzi jichoni kama unavyotazama ubao kama umenyooka. Kupinda kidogo si kifo. Wangu niliuegemeza ukutani msimu mzima wa mvua, kwa uvivu mtupu, na mpaka leo ncha inaelekea kushoto. Kila nikitoka naupindua ufito upande huo ukae juu wakati wa kupigana na samaki, angalau uvutwe upande wa pili. Kisha uupinde polepole karibu na sikio. Ukisikia mlio mkavu kama kijiti kinachopasuka, gundi imeachia, peleka kwa fundi kwanza. Angalia pia kama una ncha mbili kwenye mfuko wake. Nyingi ziliuzwa hivyo, ili uzibadilishe moja ipumzike. Kama moja ni fupi kuliko mwenzake, kuna mtu aliivunja akaitengeneza, na mrusho wake utakuwa tofauti.

Viungio vya chuma visipoachia usivizungushe, utararua mwanzi ndani ya chuma. Pitisha ufito nyuma ya magoti yako, shika huku na huku karibu na kiungio, kisha tanua magoti. Vinatoka vyenyewe, vimenyooka. Na usiurudishe kwenye mfuko ukiwa na unyevu hata kama umechoka namna gani. Vanishi ikishavimba, maji yanaingia kwenye gundi.

Ule wa faiba hauhitaji sherehe yote hii. Tazama pete kama zimekwaruzwa na mshipi, futa vumbi, nenda mtoni.

Ukipima futi 30 za mshipi wako niandikie ni gramu ngapi, na weka picha ya maandishi yaliyo juu ya mshikio wa ule wa mwanzi. Yakiwa yamefutika, inamisha mwanga wa tochi upande. Wino wa zamani huacha alama kwenye vanishi.