Usinunue huo ukurasa wa Miyazawa!

Ndugu, kabla hujatuma hela, simama hapo hapo. Umeuliza mambo matatu: ukurasa wa Kiswahili wa mashabiki wa Hinata Miyazawa, yule dada mchezaji mpira wa Japani, uupe jina gani, uposti mara ngapi kwa siku, na kama ununue ule uliooneshwa, wenye wafuasi elfu arobaini tayari. Usinunue. Mimi nilinunua.

Ilikuwa Septemba 2023, Miyazawa katoka kusajiliwa Manchester United. Wengi wetu tulimjua Julai ile, tukiishangilia Zambia kwenye Kombe la Dunia la wanawake kule New Zealand, akatupiga mawili katika zile 5-0. Nikanuna siku nzima. Siku tisa baadaye akawapiga Hispania mawili mengine, Japani wakashinda 4-0, na mimi nimeshahamia kwake. Alipomaliza na mabao 5 na Kiatu cha Dhahabu cha mfungaji bora, jina lake lilijaa mitandaoni, nikaona nami niwahi.

Dalali mmoja wa kurasa akaniambia, "Wafuasi ni wafuasi, wewe badilisha jina na picha tu." Nikamtumia shilingi 350,000 kwa simu. Kumbe ukurasa ulikuwa wa mikeka ya kubeti! Nimeweka picha ya Miyazawa na jezi yake namba 7 ya Japani, nimeandika aya nne za moyoni, maoni ya kwanza: "Admini, mkeka wa leo uko wapi?" La pili: "Huyu dada anatoa timu ngapi leo?" Anatoa mabao, kaka, mabao! Watu elfu arobaini, na waliosoma habari ya mpira hawakufika ishirini.

Hapo bado sijafika panapouma. Wiki saba nilikesha nikiandika. Bao la dakika ya 12 dhidi ya Hispania nililirudia mpaka nikalijua kama njia ya kwetu: mwenzake Endo anapitisha mpira kutoka kushoto, Miyazawa anachomoka nyuma ya mabeki, kipa anatoka, mpira wavuni. Nikaeleza kila hatua ya mbio zile. Asubuhi moja neno la siri likakataa. Dalali alinipa neno la siri, lakini ukurasa ulifunguliwa kwa barua pepe yake na namba yake. Akadai kaibiwa, akarudishiwa. Kufika jioni picha imetolewa, mikeka imerudi, maandishi yangu yote yamefutwa. Kumpigia, ananiambia, "Biashara ni biashara." Biashara gani hiyo? Ni mwizi, na wenzake wanakutumia ujumbe wewe sasa hivi.

Cheka ukitaka. Lakini wale elfu arobaini hawakuwa wangu hata siku moja, wala hawakuwa wa Miyazawa. Yeye alikwenda kwenye mashindano akitokea klabu ya Sendai, nje ya Japani wachache walimfuatilia, akarudi dunia nzima inamtafuta kwa sababu ya mabao matano. Hakuna aliyemuuzia hao watu.

Fungua wako leo, kwa barua pepe yako na namba yako mwenyewe. Anza na hili: mabao yale aliyafunga akicheza mbele, Manchester wakampeleka kiungo. Waulize watu kama ni sawa, kisha kaa uwajibu mmoja mmoja, hata wakiwa sita.