Shemeji Yako Hana Kesi

"Shangazi, shikamoo. Kwetu tulizaliwa wawili tu, mimi na mdogo wangu. Alifariki miaka mitatu iliyopita akiwa na miaka 26. Ujauzito wake wa pili ulikuwa wa miezi minane, kikamkamata kifafa cha mimba, akaondoka yeye na kichanga chake. Alikuwa malaika, hakuwahi kugombana na mtu. Mumewe alikuwa naye nyumba moja na hakuona lolote, wakati hata mimi niliye mbali aliniambia kwenye simu, wiki moja kabla, kwamba kichwa kinamsumbua. Sasa shemeji ameoa. Picha ya harusi yake na marehemu imetolewa sebuleni. Binti yao, aliyeachwa na miaka miwili, leo ana mitano na anamwita huyo mwanamke mama. Mwaka mzima sijakanyaga pale. Rafiki yangu anasema nimekwama kwenye hatua ya hasira. Mume wangu anasema nimezidi. Nataka kumchukua mtoto nimlee mimi, maana ni damu yangu. Nianzie wapi? – Mama Mkubwa."

Marahaba, mwanangu, na pole. Msibani watu humpa pole mgane, huwapa pole wazazi, halafu dada mtu hutumwa akahesabu viti. Najua hukupata nafasi ya kulia vizuri. Hilo nakupa. Mengine uliyoyaomba sikupi.

Barua yako inasema inamhusu mdogo wako, lakini aliyejaa humo ni shemeji. Shemeji hakuona, shemeji ameoa, shemeji ametoa picha. Marehemu umempa sentensi moja, kwamba alikuwa malaika na hakuwahi kugombana na mtu. Mdogo wa nani huyo? Mimi sijaona mdogo asiyevaa nguo za dada yake bila kuomba, kisha akakimbilia kwa mama kabla hajaguswa. Umemsafisha hadi amepotea.

Sasa tuje kwenye ile simu. Umeitaja ukaikimbia. Alikuambia kichwa kinamsumbua. Wewe ulimjibu nini? Hukuandika. Nakisia ulimwambia apumzike, ni mambo ya mimba, yatapita. Ndivyo karibu dada yeyote angemjibu. Kikulacho ki nguoni mwako: kesi unayomfungulia shemeji umejifungulia mwenyewe tangu siku ile, na kwa kuwa huwezi kulala nayo, umemtafutia mshitakiwa mwingine.

Nikuambie ninachokijua, kisha umwachie huyo mwanaume, na wewe ujiachie. Kifafa cha mimba kwa kawaida hutanguliwa na presha inayopanda baada ya wiki ya 20 ya ujauzito. Mara nyingi mama hahisi kitu. Hugundulika kwa kupimwa presha na mkojo. Dalili zikijitokeza, yaani kichwa kisichotulia, macho kuona ukungu au vimulimuli, maumivu chini ya mbavu, uso na mikono kuvimba, nyingi hufanana na kero ambazo kila mjamzito huambiwa avumilie. Na hali inaweza kugeuka ndani ya saa chache. Presha haionekani usoni, hata kwa mtu anayelala kitanda kimoja na wewe. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2023 wanawake wapatao 260,000 walikufa kwa sababu za ujauzito na uzazi, na presha ya mimba ni mojawapo ya sababu kubwa. Utaniambia wote hao waliolewa na wazembe?

Kwa kuwa umenigusa hapo, ngoja niseme na wengine wanaosoma. Siku hizi tumekuwa mahakimu wa vilio vya watu. Mgane akioa baada ya miaka miwili, tunasema hakumpenda. Asipooa na mtoto akalelewa na wasichana wa kazi, tunasema nyumba imeoza. Mjane ndiyo kabisa. Yeye tunataka avae huzuni hadi kaburini, na akicheka tunaulizana amepata nani. Wanandoa tunawapigia vigelegele siku moja, kisha mmoja akifa tunamdai aliyebaki risiti ya mapenzi. Nani alitupa kazi hiyo? Mtu aliyezika mke na mtoto siku moja, akabaki na binti wa miaka miwili anayemuuliza mama yuko wapi, hahitaji shemeji wa kumkagua sebule.

Na hiyo picha: umesema imetolewa sebuleni. Hukusema imetupwa. Yawezekana iko chumbani kwa mtoto. Uliuliza, au uliona ukuta mtupu ukaondoka na hasira zako?

Rafiki yako naye aache kukupangia hatua. Zile hatua tano za huzuni, hasira ikiwa mojawapo, zinazotajwa kila msibani zilitoka kwa daktari Elisabeth Kübler-Ross mwaka 1969, naye alizipata kwa kuwasikiliza wagonjwa waliokuwa wanakaribia kufa, si waliofiwa. Huzuni haina ngazi wala darasa la kufaulu. Lakini usijifiche hapo. Orodha ya kimataifa ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022 inatambua huzuni inayokaa kwa ukali zaidi ya miezi sita, nje ya desturi za watu wako, ikamzuia mtu kuishi maisha yake. Wewe una miaka mitatu, na mumeo anasema umezidi. Umemtaja kwa maneno manne tu, maskini, lakini ndiye anayekuona usiku. Mimi niko upande wake. Akikwambia mwende mkamwone mshauri nasaha, nenda.

Kuhusu mtoto, jibu ni hapana. Baba yake yupo, anamlea, ana nyumba na mama anayemwitikia. Kuwa mama mkubwa hakukupi hati ya kumng'oa. Unataka afiwe mara ya pili, safari hii kwa kumpoteza baba?

Ila kipo kitu anachokuhitajia wewe, na ndicho unachomnyima kwa kususa. Kumbukumbu za mtu mzima mara chache hurudi nyuma kupita umri wa miaka mitatu. Huyu aliachwa na miwili. Sauti ya mama yake, mikono yake, alivyokuwa akicheka, vyote huenda vimeshafutika. Baba yake alimjua marehemu akiwa mwanamke aliyekwisha kukua. Wewe ulimjua akiwa na mapengo ya meno. Usipomsimulia, atakua akijua kwamba mama yake alikuwa picha. Ukipenda boga, penda na ua lake.

Basi msimulie, na umsimulie mtu, si malaika. Mwambie mama yake alikuwa mwongo wa namna gani akivunja kitu, aliogopa nini gizani, mligombana kwa nini na nani alianza kucheka. Rekodi kwa sauti yako kwenye simu, maana na wewe hutaishi milele. Mtoto wa miaka mitano ataanza kuuliza kifo ni nini na kama mama atarudi. Usimwambie amelala wala amesafiri, mwambie amekufa na mwili wake haufanyi kazi tena.

Akikua, kuna la kumwambia la kitabibu pia: aliyezaliwa na mama aliyepata presha ya mimba huwa katika hatari zaidi ya kuipata, na ndugu wa tumbo moja vilevile. Hili ni lako pia. Siku ukishika mimba, mhudhurio wa kwanza kliniki uwaeleze yaliyompata mdogo wako. Wanaweza kukufuatilia kwa karibu zaidi, na kwa wenye hatari kubwa madaktari huanzisha aspirini ya dozi ndogo baada ya wiki ya 12. Usiinunue mwenyewe dukani.

Wiki hii mpigie shemeji. Usianze na picha. Mwambie umemkumbuka mtoto, uliza siku gani inawafaa uje. Akiwa mkali, mvumilie, mwaka mzima si mchache. Na ukifika, mkewe msalimie kwa jina lake. Barua nzima umemwita "huyo mwanamke", na sidhani hulijui.