Taruma jipya kwenye boti kuukuu ya faibaglasi: epoksi au poliesta?

Epoksi. Zote mbili ni resini, yaani gundi ya maji inayokauka ikawa ngumu, na taruma ni ubavu wa mbao unaoimarisha boti kwa ndani. Poliesta hushikana vizuri na tabaka ambalo bado bichi, lakini juu ya ganda (mwili wa boti) lililokauka miaka mingi hubaki imeng'ang'ania mikwaruzo tu, ndiyo maana mataruma mengi yaliyorudishwa kwa poliesta hubanduka ukingoni. Nafanya kazi hii ya kukarabati boti, na nikitia patasi kwenye kiungo cha namna hiyo mara nyingi kinatoka kipande kizima, chini kuna rangi na uchafu wa zamani unang'aa.

Kwa hiyo saga kwanza hadi uone nyuzi safi zisizo na mng'ao, futa vumbi, ndipo upake. Na tafadhali usiegemeze mbao moja kwa moja kwenye ganda: weka kipande chembamba cha foamu katikati, la sivyo ganda litakuwa na mstari mgumu na litapasuka hapo hapo likipigwa na mawimbi. Pembeni jaza epoksi nzito, ichonge iwe mviringo, kwa sababu kitambaa cha nyuzi za kioo kinachofunika taruma hakipendi kona kali, huacha hewa chini yake.

Angalizo: mkeka wa kawaida wa nyuzi fupi za kioo hushikizwa kwa gundi inayoyeyushwa na staireni, kimiminika kilichomo kwenye poliesta. Kwenye epoksi haulainiki, kwa hiyo tumia kitambaa cha kushonwa chenye nyuzi za digrii 45.

Ukiwa na mataruma kadhaa mabovu, toa moja moja huku boti imeegemezwa vizuri. Ukiyakata yote kwa pamoja ganda linapoteza umbo.