Mashine ya paili ikiharibika shimo likiwa wazi, lishughulikieni shimo kwanza

Ndugu uliyeuliza, umeeleza kwamba pampu ya haidroliki ya mashine yenu ya kuchimba paili (nguzo za zege zinazomwagwa kwenye mashimo marefu ardhini ili zibebe jengo) imekufa shimo likiwa limefika mita 18 kati ya 26, limejaa bentonaiti (tope la udongo maalumu uliochanganywa na maji), na kipuri kitafika baada ya siku mbili. Unataka kujua kama mnaweza kusubiri na kuendelea mlipoishia. Nimesimamia uchimbaji wa paili Dar es Salaam, kwenye mchanga wenye maji karibu na uso wa ardhi, na ushauri wangu ni kwamba msiliache shimo hilo likisubiri kipuri.

Mashine inapokufa, mafundi wote huikimbilia na shimo hubaki bila mwangalizi. Bentonaiti huzuia kuta zisibomoke kwa sababu msukumo wake unazidi ule wa maji ya ardhini, huku ikijenga utando mwembamba juu ya mchanga. Kwa kuwa huvuja polepole, mtu mmoja kwa kila zamu, usiku na mchana, apime usawa wake na kuongeza nyingine, ili usishuke chini ya mita 1.5 juu ya maji ya ardhini. Hata mkifanikiwa katika hilo, utando huzidi kunenepa kadiri saa zinavyopita, na paili inayotegemea msuguano wa ubavuni hupoteza sehemu ya uwezo wake wa kubeba mzigo. Hasara hiyo haionekani kwa macho, na ndiyo inayonitia hofu zaidi.

Kama ndoo ya kuchimbia bado iko chini, itoeni leo kwa kreni yenye uwezo wa kutosha, kabla mchanga unaotuama haujaibana. Kisha, kwa idhini ya mhandisi mshauri, jazeni shimo kwa zege dhaifu au udongo unaofaa, mje kulichimba upya mashine ikipona. Wakandarasi huchukia gharama hiyo, lakini ni ndogo kuliko ya kubadilisha paili jengo likiwa limeshaanza kupanda. Mshauri akiamua kwamba mwendelee bila kujaza, kwaruzeni kuta upya kwa upana uliozidi kidogo, safisheni kitako, pimeni kina kwa kamba yenye uzito, na mpime pia uzito wa bentonaiti na kiasi cha mchanga uliomo kabla ya kushusha nondo.

Hitilafu inayotokea wakati wa kumwaga zege ni mbaya zaidi. Bomba la kumwagia lazima libaki limezama ndani ya zege, walau mita mbili, na kama zege imechelewa litikiswe kidogo juu na chini bila kuchomoka. Likichomoka na kurudishwa, bentonaiti na uchafu hunaswa katikati, na paili inakuwa na mkato ambao hakuna kipimo cha juu kitakachoutibu. Kwa sababu hiyo sianzi kumwaga kabla sijajua kreni ya akiba iko wapi, chanzo cha pili cha zege ni kipi, na kama zege ina dawa ya kuchelewesha kuganda.

Andikeni saa ya kila tukio tangu pampu ilipokufa, kwa sababu mshauri atazihitaji. Nijulishe pia kama ndoo imeshatoka, bomba la chuma la kukingia limeshuka hadi kina gani, na maji ya ardhini yako wapi.