Misaiprasi kukauka Lushoto

Umeuliza kama ukame ndio unaokausha misaiprasi ya Lushoto: ni vidukari, ndugu, si ukame. Misaiprasi hiyo imegeuka kahawia kuanzia ndani kwenda nje, na hiyo ndiyo alama ya kidukari wa msaiprasi, Cinara cupressivora. Hufyonza utomvu kwenye gome la matawi, na mate yake yana sumu, kwa hiyo tawi hufa hata wadudu wakishahama. Tandaza karatasi nyeupe chini ya tawi la ndani, ligonge kwa nguvu: watadondoka wadudu wa kahawia wa milimita 2 hadi 4. Majani nayo hunata, yana ukungu mweusi kama masizi. Usipoona hayo, bandua gome la shina pale udongoni; utando mweupe wenye harufu ya uyoga ni Armillaria, ugonjwa wa mizizi.