Watafiti wanataka kujua mazalio ya samaki: tuandikiane nini?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni katibu wa BMU, kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo, huku Likoni. Watafiti wa chuo kikuu wameomba wazee wetu wawaonyeshe mazalio ya samaki, wao wachukue alama za GPS. Leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, wanayo, na wanasema tutakuwa washirika. Tuandikiane nini kabla hatujaanza?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Leseni ile ni ruhusa ya serikali. Haisimami badala ya ridhaa yenu. Sheria ya Kenya ya kulinda maarifa ya jadi ya mwaka 2016 inaipa jamii haki ya kukubali au kukataa maarifa yake yatumiwe, baada ya kuelezwa kwanza. Basi mkutano utangulie mahojiano. Na kama kinachowasumbua ninyi ni samaki aina ya tasi kupungua, hilo nalo liwe swali la utafiti, wasije na maswali yao tu.

Pa kukazia sana ni zile alama za GPS. Alama yenye desimali tano humfikisha mtu karibu mita moja na mwamba wenyewe. Ikishachapishwa, mwenye juya, wavu ule wa kukokota, kutoka popote ataifuata kwa simu, na hakuna wa kuirudisha. Andikeni kwamba ramani kamili inakaa kwenu, na ya kutoka hadharani iishie desimali mbili, yaani mraba wa takriban kilomita 1.1 kila upande. Kwa makala nyingi za kisayansi inatosha. Mwanafunzi wa kesho akitaka ramani kamili, aje aombe upya kwenu.

Msione haya kudai hivi. Wasan wa Afrika Kusini waliona hoodia, mmea ambao wazee wao waliutafuna kuzuia njaa, ukisajiliwa hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, bila wao kuulizwa. Mkataba wa kugawana faida ulikuja baadaye, 2003. Mwaka 2017 wakatoa kanuni zao wenyewe, na mtafiti anayekwenda kwao anatakiwa kuzifuata.

Mzee akishinda kwenye mashua ya watafiti, siku hiyo hakuvua. Alipwe siku yake. Anayerekodiwa sauti aambiwe itahifadhiwa wapi. Matokeo yasomwe bandarini kwa Kiswahili kabla hayajachapishwa, muda wa kuyasahihisha ungalipo.

Kwenye malipo na tarehe mnaweza kuvutana mkaelewana. Kipengele cha ramani wakikikataa, mahojiano ya kawaida yaendelee, ila mzee yeyote asipande nao mashua.