Mwanangu, wodi iliyonyamaza inanitia wasiwasi

Mwanangu mpenzi,

Huku hatujambo. Mguu wa baba yako unaendelea vizuri na mvua zimeanza. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza hadi mwisho, nikaona nisikupigie simu, maana kwa simu ungenikatiza.

Umesema, wewe inchaji mpya, yaani muuguzi msimamizi wa wodi ya wazazi, ulimfokea muuguzi wa zamu ya usiku, mbele ya wagonjwa na ndugu zao, kwa sababu partografu ya mama mmoja, ile karatasi ya kufuatilia uchungu na mapigo ya moyo wa mtoto, ilikuwa haijajazwa tangu saa nane usiku. Tangu siku hiyo hakuna anayechelewa, hakuna anayekujibu, makaratasi yote yamenyooka. Halafu matroni, kwenye tathmini yako, akaandika kwamba kazi unaiweza ila unahitaji kukomaa kihisia. Na wewe unaniuliza: kama kazi inakwenda, ukomavu gani tena unaotakiwa? Au wanataka niwabembeleze?

Mimi nakwambia kazi haiendi, mama. Watu wameacha kukwambia, basi.

Nikiwa bado msichana kazini nilikuwa chini ya inchaji mmoja hodari kuliko wote niliowahi kuwaona. Mtoto aliyekaa vibaya tumboni alimjua kwa kupapasa tu, kabla daktari hajafika. Lakini ukikosea, korido nzima itakujua. Kwenye chumba cha dawa tulikuwa na friji ya kutunzia oksitosini, dawa ya kumzuia mama asivuje damu baada ya kujifungua, na mlangoni imebandikwa karatasi ya kuandika joto asubuhi na jioni, kwa kuwa dawa ile inatakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8. Karatasi yetu ilikuwa inapendeza: 4, 4, 5, 4, wiki baada ya wiki. Wakaguzi waliisifu. Siku moja nikaitazama vizuri nikaona wiki nzima imeandikwa kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, hata siku ambayo umeme ulikatika kutwa. Raba ya mlango wa friji ilikuwa imekufa zamani na kila muuguzi alilijua hilo. Hakuna aliyethubutu kwenda kusema, maana kwa inchaji yule, aliyeleta habari mbaya ndiye aliyebebeshwa mzigo wake. Na wewe unajua oksitosini iliyokaa kwenye joto inapungua nguvu, na unajua mama aliyetoka kujifungua akianza kumwaga damu una dakika ngapi.

Inchaji hakujua lolote. Alikuwa akijisifu kwa wenzake kwamba wodi yake ina nidhamu.

Miaka mingi baadaye, kwenye semina, tulisimuliwa habari za mtafiti wa Harvard, Amy Edmondson, aliyechunguza timu za wauguzi huko Marekani miaka ya 1990. Alitarajia timu zinazoelewana ziwe na makosa machache ya dawa. Hesabu zikamjia kinyume: timu nzuri zilionekana kuwa na makosa mengi zaidi. Alipochimba akaona tofauti kubwa iko kwenye kusema. Palipo na maelewano watu walitaja makosa yao, na palipo na hofu waliyafunika. Kwa hiyo ukiniambia wodi yako haina matatizo tangu ulipofoka, mimi sipongezi. Naanza kujiuliza ni karatasi gani inajazwa kwa kalamu moja.

Sitakuandikia hasira hasara. Hiyo umeisoma kwenye kanga zangu tangu hujajua kusoma vizuri. Isitoshe hasira yako ilikuwa na sababu. Mapigo ya moyo wa mtoto yasipopimwa kila nusu saa, mtoto anaweza kuchoka tumboni na asijue mtu. Ila nadhani kabla hujakasirika uliogopa. Uliingia asubuhi, ukaona ile karatasi tupu, ukawaza mama amepoteza mtoto na jina lako ndilo liko ubaoni. Woga ule ulikuwa wa kweli na ulikuwa wa kukuheshimisha. Ukautoa kwa sura ya matusi, na yule muuguzi akasikia matusi peke yake. Ungemwambia, "Dada, nimeogopa sana nilipoiona karatasi hii," angekuelewa mara moja, kwa sababu hata yeye usiku kucha aliogopa.

Tena hukuniambia ulimuuliza alikuwa na akina mama wangapi. Umetaja kwa kupita tu kwamba mwenzake alimsindikiza mgonjwa chumba cha upasuaji. Alirudi saa ngapi? Kama hakurudi hadi alfajiri, basi mtu mmoja alikuwa na chumba kizima cha wanawake wenye uchungu, na pengine alichagua kushika mikono badala ya kushika kalamu. Huenda alichagua vibaya. Lakini hilo ni suala la ratiba ya zamu, na ratiba unaipanga wewe. Ukifoka kabla ya kuuliza, unajinyima habari ambayo ingekusaidia usiku wa kesho. Ndiyo maana nakusihi ukifika penye jambo, swali la kwanza liwe "Mgonjwa yukoje?", la pili "Ilikuwaje?", na la nani alifanya nini lisubiri chumba cha wauguzi, mlango umefungwa, siku hiyohiyo. Usililaze. Na tafadhali usilipeleke kwenye grupu la WhatsApp la wodi. Nasikia siku hizi mainchaji wanagombeza watu humo saa tano za usiku, mtu yuko kitandani na mumewe anasoma pembeni. Huko ni kudhalilishana.

Kuhusu huyo dada mkubwa aliyekufundisha kazi ukiwa mwanafunzi, na leo yuko chini yako, umesema anakudharau kwa sababu anauliza uliza kila unapotoa agizo. Inawezekana. Wapo wa aina hiyo, nami nimewaona. Lakini mtu aliyezalisha kwa miaka mingi kuliko wewe akikuuliza "kwa nini," mara nyingi ana kitu amekiona. Mwamkie shikamoo kila asubuhi kama zamani, cheo hakitapungua. Kisha akiuliza, mjibu. Akiwa na hoja, ifuate na useme wazi ni yake. Akiwa hana, mwambie umemsikia na agizo linabaki. Cheo chako bado kigeni mwilini, ndiyo maana kila swali unalisikia kama kofi.

Nikitaja kofi nakumbuka Mzee Mwinyi, Mungu amrehemu. Watu wakitaka mfano wa utulivu wake hutaja mwaka 2009 pale Diamond Jubilee, alipopigwa kofi akihutubia kwenye Maulid, kisha akaendelea na hotuba yake. Ni jambo kubwa, sikatai. Mimi namheshimu zaidi kwa lile la miaka ya 1970. Alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, polisi wakatesa watu huko Kanda ya Ziwa hadi wengine wakafa, naye akajiuzulu ingawa hakuwatuma wala hakuwepo. Kujizuia usirudishe kofi ni kazi ya dakika chache, na watu wanakutazama. Kusema "yaliyofanyika chini yangu ni yangu" wakati mdogo wako wa kumtwisha yupo pale pale karibu, hapo ndipo ninapomwona kiongozi aliyekomaa. Wala hakukummaliza: mwaka 1985 akawa Rais. Partografu ile isiyojazwa ni yako pia, mwanangu.

Usinisikie vibaya ukadhani nataka uwe mpole. Inchaji mpole asiyeweza kukataa anaharibu wodi kwa njia yake: kila mtu anabadilisha zamu anavyotaka, na wale wasio na mdomo ndio wanaolala kazini kila sikukuu. Partografu lazima ijazwe. Asiyejaza bila sababu aandikiwe, na umwandikie ukiwa umetulia, mkono hautetemeki.

Sasa cha kufanya. Ulimfokea mbele ya watu, basi umwombe radhi mbele ya watu, wakati wa kukabidhiana zamu, kwa maneno mafupi: nilikosea kukufokea vile mbele ya wagonjwa, na suala la karatasi tutalizungumza wawili. Halafu nyamaza, endeleeni na ripoti. Usijieleze, usilie, na usinunue soda za wodi nzima. Soda zitawapa watu kazi ya kushukuru wakati hawajaamua kukusamehe.

Ukimya hautaisha siku hiyo. Watakupima kwanza. Mmoja wao atakuletea jambo dogo, kipima joto kimevunjika au dozi imechelewa robo saa, na ataiangalia sura yako kuliko atakavyosikiliza jibu. Mshukuru kwa kusema kabla hujauliza chochote. Habari zitazunguka wodi nzima kabla ya chai ya saa nne.

Matroni usimwandikie utetezi kwenye ile fomu. Mwombe muuguzi wa tatu wa usiku, na umwonyeshe hesabu za akina mama mliowapokea mwezi huu kwa kila zamu. Kama atakunyima, nitumie hesabu hizo nami nizione, nina rafiki mmoja aliyewahi kuipigania hoja kama hiyo hadi ikapita.

Wasalimie wajukuu zangu.

Mama yako